Upepo Ukiisha, Gari Likalie Nini?

Pikapu ya machimbo ya dhahabu hujulikana kwa mgongo wake. Ikiwa tupu, nyuma imenyanyuka na pua imeinama, kama ng'ombe aliyeshuka ziwani kunywa maji. Ukiiona hivyo imeegeshwa Buseresere, mkoani Geita, huna haja ya kuuliza kazi yake. Imebeba viroba vya mawe kutoka kwenye maduara ya wachimbaji kwenda kwenye karasha la kusaga mawe, imebeba pampu na matimba ya kuzuia kuta za mashimo, na siku nyingine imebeba mpunga na mananasi kwenda Katoro, mji pacha ulio wilaya nyingine lakini mgeni hawezi kuonyesha ulipoanzia.

Mgongo ule haukutoka kiwandani. Umetengenezwa gereji, na kazi yenyewe si ndefu. Gari linapigwa jeki, chasisi inaegemezwa kwenye stendi au magogo. Fundi analegeza zile boliti za umbo la U zinazokumbatia eksili, anatoa boliti ya katikati inayopita kwenye vyuma vyote vya springi, kisha anachomeka kipande kimoja au viwili vya chuma bapa kutoka kwenye gari kubwa zaidi. Anafunga upya, anashusha jeki, anarudi nyuma hatua tatu na kutazama. Gari limepanda. Kabla ya hapo alikuwa na swali moja tu kwa mwenye gari: “Bosi, unabeba nini?”

Wapo wanaotaka kinyume chake. Pikapu ikishastaafu kazi za mawe, mwenyewe huanza kuipenda kwa namna nyingine. Inaweza kuwa Datsun ya miaka ya 1970, Peugeot 504 au Hilux ya zamani inayovutwa na tairi za nyuma tu. Anataka kunyoosha bodi, kupiga rangi upya, na kulishusha gari likae karibu na barabara. Ila matuta hayajaondoka, na barabara za vumbi zinazoingia vijijini bado zina mashimo yake. Kinachoweza kushusha na kunyanyua gari hilo hilo kwa kubonyeza swichi ni springi ya upepo, yaani mfuko wa mpira unaojazwa upepo.

Sanaa ya magari yanayopanda na kushuka ina asili ya kuvutia, maana ilisukumwa na sheria ya barabarani. Huko California, vijana wa Kimarekani wenye asili ya Meksiko walikuwa wakishusha magari kwa kukata springi au kupakia mifuko ya mchanga kwenye buti. Mwishoni mwa miaka ya 1950 jimbo likatunga sheria ikikataza sehemu yoyote ya gari kuwa chini kuliko ukingo wa chini wa rimu. Ron Aguirre wa San Bernardino akajibu kwa kufunga mitambo ya haidroliki kwenye Chevrolet Corvette yake: akimwona polisi analinyanyua gari, akishampita analilaza. Marufuku hiyo ilidumu zaidi ya miaka 60. Iliondolewa kwa sheria ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika Januari 1, 2024.

Miaka ya 1980 homa hiyo iliziingia pikapu ndogo za Kijapani. Vijana wa Marekani wakaanza kushusha Hilux, Datsun na Mazda. Hilux ni gari lile lile lililoanza kutengenezwa Japani mwaka 1968, ndilo hilo linaloongezewa vyuma Geita ili libebe zaidi. Fundi wa kule alikuwa anapunguza, wa huku anaongeza, na wote wawili wanashika boliti zile zile.

Kukaa juu ya upepo si jambo geni kwa yeyote aliyewahi kupanda basi kubwa. John Boyd Dunlop alipata hataza ya tairi la upepo mwaka 1888. Kampuni ya Firestone ikaanza kutengeneza springi za upepo katika miaka ya 1930, na mabasi ya General Motors yakazipokea mwaka 1953. Hadi leo, basi likisimama na ukasikia upepo ukipumua chini ya sakafu, mara nyingi ni mifuko inajirekebisha kulingana na watu walioshuka. Na basi lililolala stendi likikutwa asubuhi limeinama upande mmoja, dereva huwasha injini na kungoja kompresa ijaze matangi, mwili wa basi unapanda taratibu hadi unakaa sawa.

Magari madogo yalikuwa na bahati mbaya zaidi. Mwaka 1957 Cadillac ilitoa Eldorado Brougham, gari la kifahari kuliko yote iliyokuwa nayo, likiwa na springi za upepo magurudumu yote manne. Mfumo ukavuja. Wamiliki wengi wakaishia kung'oa mifuko na kurudisha springi za chuma. Hapo ndipo mpango wa mtu yeyote anayetaka kulaza pikapu yake unapaswa kuanzia, iwe Buseresere au Los Angeles: upepo utakuja kuisha siku moja, barabarani, usiku, mbali na gereji. Ukiisha, gari litakalia nini?

Swali hilo linapanga kazi nzima, na ni kinyume cha namna wengi wanavyoanza. Wengi huanza kwa kununua mifuko na kompresa, halafu wanatafuta pa kuifunga. Anayepanga vizuri huanza na tepu ya kupimia, chaki na gari tupu kwenye sakafu iliyonyooka.

Kipimo cha kwanza ni nafasi kati ya juu ya eksili ya nyuma na chini ya chasisi. Tuseme ni sentimita 15, na mwenye gari anataka kushuka sentimita 12. Zinabaki 3. Tuta moja tu, eksili itagonga chasisi kama nyundo. Hapo ama apunguze hamu yake, ama chasisi ikatwe upinde wa nusu duara juu ya eksili, kisha iimarishwe kwa sahani nene za chuma zilizochomelewa pande zote. Huo upinde si mapambo. Chasisi ya pikapu hubeba mzigo kama boriti ya paa, na ukiimega katikati bila kurudisha nguvu iliyotoka, itapasuka hapo hapo. Anayechomelea awe mtu ambaye kazi zake zinaonekana zikitembea, tanki la mafuta litolewe kwanza, betri ichomolewe, na eneo lenye namba ya chasisi lisiguswe kabisa. Kwa vile gari litabadilika umbo, ni busara kwenda kwa mkaguzi wa magari wa polisi na kampuni ya bima kabla ya kukata, kuliko kwenda kujieleza baadaye.

Juu ya eksili hufungwa vipande vya mpira mgumu. Mifuko ikipasuka, gari linatua juu ya hiyo mipira, si juu ya chuma, wala tairi halisuguani na bodi. Hilo ndilo jibu la swali la upepo kuisha. Gari lililopangwa hivyo linaweza kutembea polepole hadi gereji, likirukaruka, lakini usukani ukiwa bado unatii.

Kuna jambo moja ambalo springi za chuma bapa hulifanya kimya kimya. Mbali na kubeba mzigo, ndizo zinazoishikilia eksili mahali pake, isiende mbele, nyuma wala pembeni. Mfuko wa upepo hauwezi kazi hiyo. Ni sawa na kuifunga eksili kwa puto. Springi zikitolewa lazima ziwekwe fito za chuma, mara nyingi nne, zenye bushi kila mwisho, za kuiongoza eksili ikipanda na kushuka. Propela nayo hupimwa upya, kwa sababu pembe yake hubadilika gari likishuka, na pembe mbaya huleta mtetemo unaokula maungio. Mipira ya breki ijaribiwe gari likiwa juu kabisa na likiwa chini kabisa.

Nguvu ya mfuko hukokotolewa kwa hesabu ya shule ya msingi. Chukua mfuko wenye kipenyo cha sentimita 15. Eneo lake ni kama sentimita za mraba 177. Ukijazwa upepo wa 60, kwa kipimo kile kile cha geji ya tairi, kila sentimita ya mraba inasukuma kilo 4.2. Zidisha, unapata karibu kilo 743 kwa mfuko mmoja. Punguza upepo hadi 30, inabaki nusu yake. Springi ya chuma hupangiwa nguvu yake siku inapofungwa. Ya upepo hupangiwa kila asubuhi, kulingana na mzigo wa siku hiyo, na kwa watu wa ukanda wa dhahabu hilo lina maana kubwa kuliko urembo wote.

Shokapu zibaki. Mfuko hunyanyua tu, hautulizi. Gari lisilo na shokapu nzuri juu ya upepo hudunda kama mpira. Shokapu pia huzuia eksili isining'inie kupita kiasi gari likipigwa jeki, maana mfuko ukivutwa kuliko urefu wake huchanika.

Sasa kuna kifaa kidogo ambacho kingestahili kuzungumzwa zaidi kwenye gereji za Katoro na Buseresere. Pikapu nyingi za Kijapani, Hilux zikiwemo, zina vali ya breki iliyofungwa kwenye chasisi na kuunganishwa na eksili ya nyuma kwa kijiti cha chuma. Kazi yake ni kukisia mzigo. Gari likibebeshwa, nyuma inashuka, kijiti kinasogea, na vali inaruhusu nguvu zaidi ya breki kwenye tairi za nyuma. Likiwa tupu, nyuma inakuwa juu, vali inabana ili tairi za nyuma zisifunge na kuteleza. Ukilishusha gari bila kurekebisha kijiti, vali inadhani limejaa mawe: siku ya mvua ukikanyaga breki kwa nguvu, nyuma inaweza kufunga na kupita mbele. Ukiongeza vyuma vya springi, kosa ni la upande wa pili. Gari limebeba viroba hadi juu, lakini halijashuka, na vali inadhani ni tupu, kwa hiyo breki za nyuma zinapata nguvu pungufu wakati zinapohitajika zaidi. Ni suala la nusu saa na spana, na pikapu zilizonyanyuliwa za ukanda huu zinalihitaji kuliko zile chache zitakazoshushwa.

Kwa mbele mambo hutegemea aina ya gari. Datsun 620, kwa mfano, hubebwa mbele na fimbo za chuma zinazojipinda, na hushuka kiasi kwa kulegeza boliti ya kurekebishia. Kuweka mfuko hapo kunahitaji kujenga vikalio vipya vya kuupokea, na kupima upya pembe za mikono inayoshika tairi na za tairi zenyewe, la sivyo tairi zitaliwa upande mmoja. Ipo na njia ya mkato inayojulikana: kuchoma springi kwa gesi hadi zilegee. Gari linashuka kweli, bei ni ya soda, lakini moto umeshaharibu ugumu wa chuma na hakuna ajuaye kitakatika lini. Hiyo isifanywe.

Mfumo wa upepo wenyewe si mgumu kuuelewa: kompresa ya volti 12, tanki, swichi inayoizima presha ikitosha, mabomba, vali na geji. Kompresa hula umeme mwingi, kwa hiyo waya wake uwe mnene na uwe na fyuzi yake karibu na betri. Kila mfuko uwe na njia yake. Mifuko miwili ikiunganishwa kwa bomba moja lililo wazi, gari likikata kona upepo wa mfuko unaolemewa hukimbilia mwenzake, na gari hulala upande ule ule linakovutwa. Tanki litolewe maji mara kwa mara, kama madereva wa mabasi wanavyofanya, kwa sababu upepo ukibanwa hudondosha unyevu wake humo. Na vumbi jekundu la huku si la kubeza. Mchanga ukiingia kati ya mikunjo ya mpira hufanya kazi ya msasa, hivyo mifuko iwekewe vikinga na ioshwe kila gari linapooshwa.

Kwa mwenye pikapu ambayo bado inatafuta riziki kuna mpango mdogo wenye akili zaidi. Springi za chuma zinabaki kwa idadi ya kiwandani, na juu yake inafungwa mifuko miwili midogo ya kusaidia, yenye vali kama za tairi. Mzigo ukija, inajazwa kwa fundi pancha yeyote wa barabarani. Mzigo ukishuka, upepo unapunguzwa na gari linarudi kwenye kimo chake, bila kumpiga dereva mgongo kutwa nzima. Haiongezi uwezo wa eksili, tairi wala breki, kwa hiyo uzito uliopangwa na kiwanda unabaki pale pale.

Kwa aliyeamua kulaza pikapu yake moja kwa moja, jaribio la mwisho hufanyika kabla ya kununua mfuko hata mmoja. Springi zinatolewa, eksili inaegemezwa kwenye vipande vya mbao, gari linashushwa polepole kwa jeki hadi kwenye kimo ambacho lingetua upepo ukiisha kabisa, tairi zake zikiwa zimefungwa. Mtu mmoja anakaa ndani na kuzungusha usukani kutoka mwisho huu hadi mwisho ule. Mwingine amelala ubavuni na chaki, anapitisha kiganja kati ya tairi na bodi, kati ya propela na sakafu, kati ya ekzosi na eksili. Kila mahali kiganja kinapokwama anaweka alama. Alama zikiisha kushughulikiwa, ndipo mwenye gari anaenda kuulizia bei ya mifuko.