Kura zikilingana nani anashinda? Kesi ya Zanzibar 1961

Fainali ikiisha sare, kila mtu anajua kinachofuata: penalti. Sasa uchaguzi ukiisha sare, nani anapiga penalti?

Sisi wa Sumbawanga Mjini joto la ushindani tunalijua. Ubunge wa 2010 ulifika mahakamani, Mahakama Kuu ikatengua matokeo 2012, baadaye Mahakama ya Rufani ikamrudishia mbunge kiti chake. Lakini pale angalau namba zilitofautiana. Zanzibar, Januari 1961, ziligoma kabisa.

Mwingereza alikuwa bado anatawala. Viti vilikuwa 22. ASP ya Karume ikapata 10, ZNP (Hizbu) 9, ZPPP ya Mohammed Shamte 3. Tena kiti cha Chake Chake ASP walikichukua kwa kura moja tu. Moja jamani! Wale wanaosema "kura yangu itasaidia nini" wasome hapo mara mbili.

Basi macho yote kwa wale watatu wa ZPPP. Nao wakagawanyika: wawili wakaenda Hizbu, mmoja ASP. Piga hesabu mwenyewe: 9 na 2 ni 11, 10 na 1 ni 11. Hakuna wa kuunda serikali. Mtego wenyewe ulikuwepo tangu mwanzo, maana 22 inagawanyika kwa mbili bila kubaki kitu. Ikawekwa serikali ya muda, likaongezwa jimbo la 23 kule Pemba, watu wakarudi kwenye foleni Juni 1, 1961.

Sare haikurudi kweli. ASP 10, Hizbu 10, ZPPP 3, na safari hii ZPPP walisimama na Hizbu: 13 kwa 10. Shamte akawa Waziri Kiongozi, wakati ASP peke yake ilikuwa na karibu nusu ya kura zote. Fujo zilizozuka wakati wa uchaguzi huo ziliua watu 68. Kwa mtazamo wangu kile kiti cha 23 kilitibu hesabu tu, kutoaminiana hakikugusa. Mapinduzi yalikuja Januari 1964.

Wamarekani wao wameandika kabisa cha kufanya. Rais anapatikana kwa kura 538 za wajumbe wa majimbo, na mshindi lazima afikishe 270. Wakifungana 269 kwa 269, Baraza la Wawakilishi linachagua, ila kila jimbo lina kura moja. Yaani California yenye watu karibu milioni 40 inalingana na Wyoming isiyofika hata milioni moja! Anayepata majimbo 26 ndiye rais. Makamu anachaguliwa na Seneti.

Msidhani hiyo ni nadharia. Uchaguzi wa 1800 Thomas Jefferson na Aaron Burr walifungana 73 kwa 73, na wote chama kimoja. Baraza likapiga kura mara 36 ndipo Jefferson akapita, Februari 1801. Katiba ikarekebishwa 1804.

Ndani ya Seneti sare inavunjwa na Makamu wa Rais. Kamala Harris alifanya hivyo mara 33 kati ya 2021 na 2025, rekodi. Kichekesho ni Virginia: kiti kimoja cha bunge la jimbo kilifungana, Januari 2018 wakaweka majina kwenye bakuli na kuchomoa moja. Aliyechomolewa, David Yancey, akakipatia chama chake wingi wa 51 kwa 49.

Na kwetu? Bungeni Dodoma, Spika hapigi kura ya kawaida, ila zikilingana Katiba inampa kura ya uamuzi. Urais, mwaka 1995 mshindi alitakiwa kuvuka nusu ya kura zote. Tangu mabadiliko ya 2000 anatosha yule aliyewazidi wenzake, hata kwa kura moja kama ile ya Chake Chake. Mimi ningependa ile nusu irudi. Nyie mnasemaje?