Dhahabu Inayoponyoka Mwaloni

Tangu dhahabu ya mashapo, yaani ile iliyong'olewa na maji kutoka kwenye miamba na kulazwa pamoja na mchanga na changarawe mitoni, ilipogunduliwa katika eneo la Lupa, Chunya, mwaka 1922, uchenjuaji wake umetegemea kanuni moja: kilicho kizito huzama, kilicho chepesi huchukuliwa na maji. Kanuni hiyo ni ya kweli, lakini haitoshelezi, na upungufu wake ndio unaoeleza kwa nini dhahabu laini kama vumbi huishia kwenye marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa.

Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu safi ina gramu 19.3, ilhali ya kwatzi, madini yaliyo mengi katika mchanga wa mtoni, ina gramu 2.65 tu; na kwa kuwa maji hukipunguzia uzito kila kilichozama, ndani yake tofauti hiyo hufikia takriban mara 11. Hata hivyo, kadiri chembe inavyokuwa ndogo ndivyo ukinzani wa maji unavyoushinda uzito wake, hata chembe laini kabisa ikipungua kipenyo kwa nusu, kasi yake ya kuzama hubaki robo. Matokeo yake ni kwamba chembe hiyo ya dhahabu huzama sawa na punje ya kwatzi yenye kipenyo kinachoizidi zaidi ya mara 3, na ikiwa imepondwa na mawe ya mto hadi ikawa bapa kama gamba la samaki, huchelewa zaidi. Ndiyo maana chekeche hutangulia kifaa chochote: punje zikishalingana ukubwa, densiti, yaani uzito wa kila sentimita ya ujazo, hupata nafasi ya kuzitenganisha.

Kwenye mwalo, ambao ni mfereji wa mbao wenye mteremko uliotandikwa magunia au mablanketi, nyuzi za kitambaa hutuliza maji na kuficha chembe nzito. Baada ya muda nyuzi hizo hujaa mchanga mweusi, ambao kwa sehemu kubwa ni magnetaiti yenye densiti ya 5.2, na dhahabu inayofuata huteleza juu yake. Kwa hiyo kitambaa kisichokung'utwa mara kwa mara huwa kama gunia lililojaa, lisiloweza kupokea zaidi.

Meza ya kutikisika, iliyoboreshwa na Arthur Wilfley nchini Marekani katika miaka ya 1890, huchukua hatua zaidi, kwa kuwa mitikisiko yake husukuma madini mazito kando ya vijiti vyembamba huku tabaka jembamba la maji likiteremsha mepesi, hadi uso wa meza ukaonyesha mistari inayoachana kama vidole: wa manjano juu, mweusi ukifuata, wa kijivu chini. Kwa chembe laini zaidi kuna bakuli la kuzunguka kwa kasi, mfano wa lile la Knelson kutoka Kanada, ambalo huzidisha msukumo wa uzito hadi mara 60, wakati maji yanayopenya matundu ya ukuta wake yakizuia mchanga usigandamane.

Vifaa vyote hivi hutoa makinikia, yaani mchanga uliosheheni dhahabu, na hapo ndipo zebaki hushawishi kama njia ya mkato ya kuinasa dhahabu hiyo, ingawa Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017, unazitaka nchi wanachama kupunguza matumizi yake katika uchimbaji mdogo. Makinikia yaliyosafishwa vizuri mezani huweza kuyeyushwa kwa boraksi bila zebaki. Yaliyojaa mchanga hayawezi, na hivyo uzembe wa mwaloni hulipwa kwa mvuke wa zebaki wenye sumu.

Kipimo cha uzembe huo hakihitaji maabara. Karai moja la marudio, likichotwa mwishoni mwa mwalo na kuoshwa polepole, huonyesha kama maji yamezidi au mteremko umekuwa mkali. Na wanaonunua marudio ili kuyachenjua kwa sayanaidi hupima kwanza, kwa kuwa wanajua kilichoachwa humo ni jasho la mwingine.