Wazo Lako Limekaa kwa Simu Miezi Mingapi?

Fungua simu yako uangalie pale unapoandika mipango. Yangu ilikuwa na mstari mmoja: "Viatu vya watoto, Januari." Hiyo Januari ikapita, ya pili ikapita, na mimi bado nasema mtaji haujatosha. Jioni nikiwa kwa matatu ya 46, tumekwama Valley Arcade, nilikuwa napiga hesabu safi kabisa: bale moja kutoka Gikomba, kibanda karibu na steji ya Kawangware, faida kiasi hiki. Nikishuka naingia dukani, nanunua mkate na maziwa, na hesabu inaishia hapo.

Mtu anaweza kuita hiyo uvivu. Lakini mvivu haamki saa kumi na moja kila asubuhi kwenda kazi. Shida yangu ilikuwa kwamba pesa ya wazo ililala pamoja na pesa ya mkate. Shilingi 3,000 zikiwa kwa simu hazina jina. Leo umetoa ya tokeni za stima, kesho ya nauli, keshokutwa binamu anaandika, "Nisaidie na mia tano, nitarudisha Ijumaa." Hakuna aliyekuibia. Zimeisha tu, na zikiisha unajiambia utaanza mwezi ujao.

Jambo hili limechunguzwa hapahapa Kenya, kule Busia, na wataalamu wa uchumi Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson, waliochapisha matokeo yao mwaka 2011. Walikuta wakulima wengi wanaojua faida ya mbolea na wanaosema wazi watainunua. Msimu ukifika, pesa ya mavuno imeshaenda na mambo mengine. Basi ukaanzishwa mpango ulioitwa SAFI. Mkulima anatembelewa mara tu baada ya kuvuna, pesa ikiwa bado mkononi, anaambiwa: lipia mbolea sasa, tutakuletea bure baadaye. Waliotumia mbolea wakaongezeka. Ofa ya kuletewa bure ilipotolewa wakati wa kutumia mbolea umeshafika, haikufanya kazi kama ile ya mapema. Kilicholeta tofauti ni siku ya kuulizwa.

Sasa jiulize siku yako ya mavuno ni gani. Kwa aliyeajiriwa ni mwisho wa mwezi. Kwa fundi wa mjengo pale Westlands inaweza kuwa Jumamosi mchana. Mama mboga wa Kangemi yeye huvuna kila jioni, kidogo kidogo. Saa ile pesa inaingia, kabla hujajibu ujumbe wowote, hamisha ya wazo ikae mahali pake. Mimi nilianza na mia tano kila mwisho wa wiki, kwa akiba ya kufunga, ile unayochagua kiasi na tarehe. Kabla ya kufunga soma masharti: ukiitaka mapema utasubiri muda gani, na kuna makato?

Halafu usifunge yote. Huyohuyo Robinson, akiwa na Pascaline Dupas, walichapisha utafiti mwingine mwaka 2013, pia wa magharibi mwa Kenya, kuhusu akiba ya afya. Wengine walipewa sanduku lenye kufuli na ufunguo wao wenyewe, wengine ufunguo ukashikwa na afisa wa mradi. Ungedhani la pili lingeshinda. Wapi! Sanduku la ufunguo wako mwenyewe ndilo lililosaidia zaidi kununua vitu vya kinga, kwa sababu watu huogopa kufungia pesa wasiyoweza kuifikia mtoto akiugua. Na wanachama wa vyama vya kuzungushiana pesa waliochanga kando kwa lengo lililotajwa walifanya vizuri sana. Kwa hivyo kama uko na chama, sema wazo lako mbele ya watu. Wakijua pesa ni ya viatu, watakuuliza viatu viko wapi.

Kitu kingine kilichonichelewesha ni lile bale. Nilikuwa nimejiwekea kwamba bila bale sianzi. Jirani yangu wa ploti, anayeuza nguo, alinicheka: "Kwani lazima ununue lote?" Tukaenda Gikomba alfajiri, wakati mabale yanafunguliwa, tukachagua kamera, zile pea nzuri nzuri. Nilikuwa na shilingi 2,000. Nilirudi na pea nane, na kwa wiki moja sita zikaenda, zote kwa majirani. Nilijifunza kitu ambacho matatu haingenifundisha: mzazi anatafuta kiatu cheusi cha shule kwanza. Zangu za rangi zilisifiwa sana na hazikununuliwa.

Wiki tatu za mwanzo nilizipoteza nikitafuta jina la biashara. Sikuuza hata kamba ya kiatu. Ukipata mteja wa kwanza ndio utafute laini au namba ya till ya kupokelea malipo, ili mauzo yasichanganyike tena na pesa ya mkate.

Na mkopo wa simu? Kwa stoki ya kwanza, mimi nasema hapana. Mikopo mingi ya simu hudaiwa ndani ya mwezi mmoja, na viatu havijui tarehe ya deni. Ukishajua bidhaa yako inachukua siku ngapi kuisha, hapo sasa unaweza kupiga hesabu ya mkopo ukiwa na jibu.

Nimeshaenda Gikomba mara nne tangu hapo, na safari hizi nabeba vyeusi tu. Zile pea mbili za pinki, saizi 24, bado ziko chini ya kitanda.