Msekoya na Kiu ya Wakati wa Baridi

Msekoya mkubwa ni mti wa Marekani. Kwa asili huota mahali pamoja tu duniani, yaani katika milima ya Sierra Nevada, jimbo la California. Mmoja wa miti hiyo huitwa General Sherman. Urefu wake ni karibu mita 84, na umri wake unapita miaka 2,000. Lakini mbegu ya msekoya ni nyepesi kuliko punje ya mchele.

Mwaka 1864 Mfalme Wilhelm wa Kwanza wa Württemberg, Ujerumani, aliagiza mbegu za mti huo. Miche ilikuzwa mjini Stuttgart, kisha ikapandwa katika misitu ya nchi yake. Majira ya baridi ya mwaka 1879 hadi 1880 yalikuwa makali mno. Misekoya mingi ilikufa. Mingine ingali hai hadi leo.

Je, kwa nini mti wa milima yenye theluji ulikufa kwa baridi?

Baridi kali hugandisha maji yaliyo ardhini, yakawa barafu. Mizizi haiwezi kunywa barafu. Lakini msekoya haupukutishi majani yake. Jua na upepo huendelea kuyakausha. Basi mti huweza kufa kwa kiu, ingawa maji yapo chini yake. Mti mchanga hudhurika zaidi, kwa sababu mizizi yake haijaenda mbali. Kule Sierra Nevada theluji nyingi hufunika ardhi kama blanketi, na kuizuia isigande sana.

Kwa hiyo mkulima wa nchi ya baridi hufanya hivi:

1. Huweka mbegu penye unyevu na baridi kwa wiki nne au zaidi, ndipo huzipanda.
2. Hukuza miche katika vyungu, na kuikinga na baridi mpaka ipate nguvu.
3. Huihamishia shambani baridi ikiisha, mahali penye jua pasipo na upepo mkali.
4. Huimwagilia vizuri kabla ardhi haijaganda.
5. Hutandaza majani makavu juu ya mizizi, bila kugusa shina.

Apandaye msekoya hatauona ukiwa mkubwa kabisa. Lakini akiusahau katika baridi ya kwanza, hata wajukuu wake hawatauona.

Maswali

1. Msekoya huota wapi kwa asili?
2. Kwa nini mti huona kiu wakati wa baridi kali?
3. Majani makavu yana kazi gani?