Siku Tatu za Mwisho Granada: Misikiti Ilipochukuliwa, Zilibaki Nyumba

Msafiri anapobakiwa na siku tatu, aghalabu moyo wake huwa umeshatangulia nyumbani. Huanza kupima uzito wa mizigo, kuhesabu zawadi za majirani na kuulizia saa ya ndege. Sisi tuliamua vingine. Baada ya wiki moja kusini mwa Hispania, tukiwa wageni wa mjomba wa watoto wetu anayefanya kazi Malaga, tuliziweka siku tatu za mwisho wa likizo ya Desemba kwa ajili ya mji mmoja, Granada, na kwa ajili ya swali moja alilokuwa akilirudia binti yetu wa miaka 11 tangu siku ya kwanza: “Waislamu waliojenga haya yote, walikwenda wapi?”

Ni swali la haki. Wengi wanaosimulia habari za Andalusia hueleza wafalme, mabustani na nakshi, kisha wakifika mwaka 1492 hufunga kitabu. Lakini Waislamu wa Granada hawakutoweka mwaka ule. Waliendelea kuwapo kwa zaidi ya miaka 100, wengi wao kwa siri, na habari ya miaka hiyo ndiyo yenye mazingatio makubwa kwetu sisi wazazi.

Jumatano: maji ya Alhambra

Tarehe 31 Desemba tulipanda basi dogo hadi juu ya kilima cha Alhambra. Kwa manufaa ya familia zitakazojaaliwa kufika huko, tunaeleza kwamba tiketi hukatwa mapema kwa majina ya wahusika, na saa ya kuingia katika majumba ya ndani huandikwa juu yake. Pasipoti zichukuliwe, hata za watoto, na saa iheshimiwe.

Jina la ngome hii kwa Kiarabu maana yake ni “nyekundu.” Mwaka 1238 Muhammad bin Yusuf bin Nasr aliingia Granada na kuasisi utawala wa Banu Nasr, ambao ulidumu kwa zaidi ya miaka 250. Kaulimbiu yao ilikuwa “Wala ghaliba illallah,” yaani hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Imechongwa ukutani mara nyingi mno, juu ya milango, pembezoni mwa madirisha na katikati ya nakshi za plasta. Kijana wetu wa miaka 8, ambaye ndiyo kwanza anamaliza Juzuu Amma, aliisoma kwa sauti. Watalii wawili waliokuwa karibu wakamwomba aisome tena. Akaisoma, nasi tukatafsiri kwa kadiri ya uwezo wetu. Katika umati ule uliokuwa ukipiga picha za maandishi, mtoto wa madrasa ya mtaani kwetu Tanga ndiye aliyejua kuyasoma.

Jambo lililotushughulisha zaidi ni maji. Kilima kile hakina mto juu yake. Wajenzi walichimba mfereji wa takriban kilomita 6 kutoka Mto Darro, wakayaongoza maji kwa mteremko mdogo hadi kwenye bustani, mabafu na chemchemi, ikiwamo ile maarufu inayobebwa na simba 12 wa marumaru. Hakuna pampu iliyotumika. Ni hesabu, subira na kujua thamani ya tone la maji, mambo ambayo dini yetu imeyafundisha hata katika udhu.

Hapo ndipo tulipowasimulia watoto habari ya msafiri anayetuunganisha sisi watu wa pwani na mji huu. Ibn Battuta alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, akausifu mji wa Kilwa na ukarimu wa Sultani wake, Abul Mawahib. Takriban miaka 20 baadaye alifika Granada. Sultani Yusuf wa Kwanza alikuwa mgonjwa na hakuweza kumpokea, lakini mama yake Sultani alimpelekea mgeni dinari za dhahabu. Katika bustani moja ya mji huo alikutana na kijana mwandishi aitwaye Ibn Juzayy, na huyu ndiye aliyekuja kuiandika safari yake yote huko Fez, kazi iliyokamilika mwaka 1355. Basi tunaposoma leo habari za Kilwa ya karne ya 14, tunaisoma kwa kalamu ya mtu wa Granada.

Alhamisi: mtaa wa Albaicín

Tarehe 1 Januari Alhambra hufungwa, na maduka mengi vilevile. Tulifurahi, kwani siku hiyo tulikuwa tumeiweka kwa ajili ya kutembea Albaicín, mtaa wa kale unaoitazama ngome kutoka kilima cha pili. Vichochoro vyake ni vyembamba, kuta ni nyeupe, na nyumba zimejigeuza ndani kama nyumba za Mji Mkongwe: nje ukuta mtupu, ndani ua na mti wa matunda. Kila baada ya hatua chache tuliona mlango wa tao la matofali, na nyuma yake hazina ya maji iliyochimbwa ardhini. Mama wa watoto alizitambua mara moja: ni birika kama zile za misikiti yetu ya zamani. Nyingi zilikuwa jirani na misikiti. Misikiti mingi ilikuja kugeuzwa makanisa, birika zikabaki. Katika Kanisa la San Salvador, lililojengwa mahali pa msikiti mkuu wa mtaa huo, ua wa msikiti bado upo pamoja na matao yake.

Tulikaa kwenye ngazi za mawe, tukala mikate na zeituni, kisha tukaanza kulijibu lile swali.

Mkataba wa kusalimu amri, uliotiwa saini Novemba 1491, uliwaahidi Waislamu wa Granada misikiti yao, makadhi wao, mali zao na dini yao. Tarehe 2 Januari 1492 Sultani wa mwisho, Abu Abdillah, alikabidhi funguo kwa Ferdinand na Isabella. Ahadi ile haikudumu hata miaka 10. Mwaka 1499 Askofu Mkuu wa Toledo, Cisneros, alifika mjini na kuanzisha ubatizo wa lazima. Vitabu vya Kiarabu vikakusanywa na kuchomwa moto hadharani, vikasalimishwa vile vya tiba. Mwaka 1502 Waislamu wote wa Castile walitakiwa wabatizwe au waondoke. Na tusisahau, kwa uadilifu, kwamba Mayahudi walitangulia kufukuzwa: amri yao ilitolewa ndani ya Alhambra yenyewe, Machi 1492.

“Sasa wakaswali wapi?” aliuliza mdogo wao.

Nyumbani, tulimjibu. Mwaka 1504 mwanachuoni mmoja mwenye nisba ya Wahrani aliwaandikia fatwa ya kuwapa moyo. Aliwaambia kwamba anayelazimishwa, moyo wake ukiwa imara, aswali hata kwa ishara, atoe zaka hata kwa sura ya sadaka kwa ombaomba, na ajitwaharishe hata kwa kuzama baharini. Mwaka 1567 serikali ikaifuata dini mpaka ndani ya kuta hizo. Lugha ya Kiarabu ilipigwa marufuku, pamoja na mavazi yao na mabafu yao, na ikaamriwa milango ya nyumba iachwe wazi siku ya Ijumaa ili wapita njia waone kama kuna anayeswali. Mwaka uliofuata vilizuka vita katika milima ya Alpujarras. Hatimaye, kati ya mwaka 1609 na 1614, kizazi chao kilifukuzwa kutoka Hispania nzima, watu wanaokadiriwa kufikia 300,000. Wengi walivuka bahari kwenda Morocco, Algeria na Tunisia.

Jioni tuliteremka hadi Lango la Elvira, tao kubwa la kale lililosimama chini ya mtaa huo. Tulilifuata kwa sababu ya mwanamke mmoja. Mwandishi Mwislamu wa karne ya 16, ajulikanaye kama Kijana wa Arévalo, ameandika juu ya bibi kizee aliyeitwa Mora wa Úbeda, aliyekuwa akiishi karibu na lango hili. Bibi huyo alikuwa mjuzi wa dini, na watu walimwendea kumuuliza wakati ambapo hapakuwa tena na msikiti, kadhi wala madrasa. Binti yetu alinyamaza kwa muda, kisha akasema, “Kwa hiyo madrasa ilikuwa bibi.” Hatukuwa na la kuongeza.

Ijumaa: kengele na adhana

Siku yetu ya mwisho iliangukia Ijumaa, tarehe 2 Januari. Kila mwaka tarehe hiyo Granada huadhimisha kutwaliwa kwake. Bendera ya kifalme hupeperushwa kutoka ukumbi wa mji, na maandamano huelekea Kanisa la Kifalme walikozikwa Ferdinand na Isabella. Wapo wenyeji wanaosherehekea, na wapo wenyeji, wasio Waislamu, wanaoipinga sherehe hiyo waziwazi. Tuliona ni vema watoto wajue yote mawili, wasije wakadhani kwamba watu wa mji wana moyo mmoja.

Mkabala na kanisa hilo kuna jengo dogo ambalo wengi hulipita. Ni madrasa aliyoijenga Yusuf wa Kwanza mwaka 1349, leo ikiwa mali ya Chuo Kikuu cha Granada. Chumba chake cha kuswalia bado kina mihrabu. Upande mmoja wa kichochoro wamelala waliouteka mji, upande wa pili ipo shule ya walioupoteza, na kati yao hakuna hatua 20.

Adhuhuri tulipanda tena Albaicín, hadi Msikiti Mkuu wa Granada, uliofunguliwa mwaka 2003 kwa juhudi za Wahispania waliosilimu. Ni msikiti mpya wa kwanza kujengwa mjini humo baada ya karne tano. Swafu zilikuwa na Wahispania, Wamorocco, Wasenegali na wanafunzi wa nchi mbalimbali, nasi tukiwa watu wa Tanga. Baada ya swala tulikaa bustanini, Alhambra ikiwa mbele yetu na theluji ya Sierra Nevada nyuma yake. Kengele ya mnara wa Vela ilisikika kutoka ngomeni, kwani siku hiyo watu hupanda kuipiga. Mzee mmoja Mhispania alitukaribisha chai ya mnanaa. Watoto walifurahi kugundua kwamba neno lake la sukari, la zeituni na hata neno “hata” lenyewe ni ndugu wa maneno yetu, kwa kuwa yote yametoka chimbuko moja la Kiarabu. Lugha iliyopigwa marufuku mwaka 1567 bado imo vinywani mwa wajukuu wa waliopiga marufuku.

Tuliyorudi nayo

Katika masanduku tulirudi na mafuta ya zeituni na sabuni kwa ajili ya majirani. Mengine hayakuhitaji sanduku.

Mwaka 1884, katika kijiji cha Almonacid de la Sierra kaskazini mwa Hispania, wajenzi waliobomoa nyumba kuukuu waligundua vitabu vya Waislamu vilivyofichwa chini ya sakafu. Vingi viliandikwa kwa Kihispania, lakini kwa herufi za Kiarabu, vivyo hivyo kama babu zetu walivyoandikiana barua za Kiswahili kwa herufi hizo hizo. Walivificha watu ambao hakuna mtu angewalaumu kama wangevichoma. Hao hawakuwa na kasri wala mfereji. Walikuwa baba na mama waliokaa na watoto wao usiku, mlango ukiwa umefungwa, wakasomesha walichokijua.

Sisi leo milango yetu iko wazi kwa hiari yetu, na adhana tunaisikia mara tano. Katika kamati za misikiti tunachangishana kwa ajili ya saruji, vigae na vipaza sauti, na ni jambo jema lenye ujira kwa Mola. Ila tujiulize, wazazi wenzetu: kama leo msikiti wetu ungefungwa, mtoto angebaki na nini kutoka sebuleni kwetu? Je, bibi yupo wa kuulizwa, na sisi tumewapeleka watoto kwake wakamsikilize? Barua za babu zimo kabatini, nani nyumbani anayeweza kuzisoma?

Haihitaji safari ya Hispania. Yatosha nusu saa baada ya Magharibi, simu zikiwa zimewekwa pembeni. Mwenyezi Mungu awarehemu wale waliofundisha kwa siri, na atujaalie sisi tunaoweza kufundisha kwa dhahiri tusiwe wavivu. Amin.