Mzigo Ulionunuliwa Mtandaoni Ukipotea Njiani, Nani Alipe?

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.). Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba zake. Ama baad.

Kila sikukuu inapokaribia tunaletewa masuala ya namna moja. Mtu kaagiza nguo za watoto mtandaoni, kalipa kwa simu, kachagua usafirishaji wa bei nafuu kabisa, na mzigo umefika umeroa au haukufika. Muuzaji anasema ameshautuma. Msafirishaji anasema yeye alibeba tu. Mzazi anabaki na risiti, na watoto hawana nguo ya Idi. Sharia inasemaje?

Nani aliyemchagua msafirishaji?

Hili ndilo suala la kuanzia. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu visiwani tunayafuata, bidhaa hubaki katika dhamana ya muuzaji mpaka mnunuzi akabidhiwe. Ikiangamia kwa kadari kabla ya hapo, biashara inavunjika na pesa zirejeshwe. Ikiharibiwa na mtu mwengine, mnunuzi ana hiari: avunje biashara, au amdai aliyeharibu. Na kama kilichouzwa ni kwa sifa tu, si kitu maalumu, muuzaji alete kingine cha sifa hizo.

Basi muuzaji aliyempa mzigo msafirishaji wake mwenyewe hajamaliza wajibu kwa kuufikisha bandarini. Lakini ukimwambia, "Mpe fulani, nimeshapatana naye," fulani huyo ni wakili wako na kupokea kwake ni kupokea kwako. Hapo huna dai kwa muuzaji, ila kama kitu kilikuwa na aibu tangu kwake.

Msafirishaji naye?

Mzigo mikononi mwake ni amana. Kauli yenye nguvu kwa Mashafi ni kwamba halipi ila akivuka mpaka au akizembea. Wanavyuoni wengine, wakiwemo Abu Yusuf na Muhammad bin al-Hasan, wanafunzi wa Imam Abu Hanifa, wamemdhaminisha anayefanyia kazi watu wote, isipokuwa kwa jambo lisiloepukika, ili mali za watu zisichezewe.

Hata kwa kauli ya kwanza, kuacha maboksi ya karatasi kwenye mvua ya masika, au kumkabidhi mzigo mtu bila kumuuliza jina, ni uzembe. Maandishi ya "hatuhusiki na upotevu" kwenye risiti hayamwondolei dhamana ya uzembe wake. Wala unafuu wa nauli si udhuru: aliyekubali kubeba kwa shilingi chache amekubali amana kamili. Na siku ya kufikisha ikiwekwa kuwa sharti, itimizwe, kwani aya ya kwanza ya Suratul Maida imetuamrisha kutimiza mikataba.

Wajibu wa mnunuzi

Kabla ya kulipa, ulizeni: mzigo ukipotea, nani atalipa? Jibu liandikwe, hata kwa ujumbe wa simu. Hifadhini risiti, na fungueni mzigo mbele ya aliyeuleta. Mkiona aibu, semeni hapo hapo. Mkiendelea kukitumia kitu baada ya kuijua aibu yake, haki ya kukirejesha inaondoka.

Msidai kuwa hamkupokea hali mmepokea. Hiyo ni kula mali ya watu kwa batili. Wala msimtukane kijana wa bodaboda au kusambaza picha yake mkimwita mwizi, naye huenda alibeba alichopewa tu. Dai lielekezwe kwa mwenye dhamana. Kampuni ya vifurushi ikikataa kusikiliza, malalamiko yapelekwe Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), inayotoa leseni za huduma hizo. Kudai haki kwa njia iliyo sawa si ukosefu wa subira.

Na kwa ndugu zetu wenye biashara: pesa za nguo za Idi za mtoto wa mwenzako ni amana. Usizizuie kwa kuwa tu mwenyewe yuko Pemba na hawezi kukufuata.

Wallahu aalam.