Mtoto wa Kupakata Naye ni Abiria

Kila shule zinapofungwa, na kila Idi inapokaribia, gati la Kilindoni hujaa watu. Utawaona akina mama wenye vikapu vya nazi na samaki wakavu, akina baba wenye mabegi na vifurushi, na baina ya miguu yao, au migongoni mwao kwa mbeleko, watoto wadogo ambao bado hawajaanza shule. Baadhi yao wanakwenda kuwaona babu na bibi, baadhi wanakwenda kutibiwa, na baadhi wanahama pamoja na wazazi wao waliopata kazi bara.

Safari yao si fupi. Kwanza ni bahari kwa saa kadhaa mpaka Nyamisati, na saa ya kung'oa nanga hufuata maji yanavyojaa na kupwa, wala haimfuati mtoto anavyolala na kuamka. Kisha ni barabara ya kilomita zipatazo 40 mpaka Bungu, na kutoka hapo Jaribu, Kimanzichana, Mkuranga na Vikindu, mpaka kufika Mbagala ambako magari husongamana. Mtoto aliyeamshwa Kilindoni usiku huweza kuiona Dar es Salaam jua linapotua.

Leo tunapenda kuuliza swali moja mbele ya wananchi wenzetu na mbele ya viongozi wetu. Katika safari hiyo yote, mtoto huyu ni nani? Kwa desturi ya vyombo vyetu vya usafiri, mtoto wa kupakata halipi nauli. Jambo hilo lina huruma ndani yake, nasi hatulipingi. Lakini tumeliacha lizae matokeo ambayo hayana huruma hata kidogo. Asiyelipa nauli hana kiti. Asiye na kiti hana mkanda. Na mara nyingine asiye na tiketi hana hata jina katika orodha ya abiria. Mtu mdogo kuliko wote, ambaye hawezi kujishika wala kuogelea, ndiye tuliyemnyima kila kinga tuliyompa mtu mzima.

Hatusemi haya kwa kuwanyoshea wengine kidole. Sisi wenyewe tumewahi kuwapakata watoto wetu katika kiti cha mbele, tukijiona wazazi wenye mapenzi. Siku moja, katika basi dogo lililotoka Nyamisati, mbuzi alikatiza barabara na dereva akakanyaga breki kwa ghafula. Mama aliyeketi mbele alikuwa amemshika mwanawe kwa mikono miwili, tena kwa nguvu. Mtoto yule alimtoka kama samaki anavyomponyoka mvuvi, akapiga uso kwenye dashibodi. Alhamdulillahi, alipoteza meno mawili ya utotoni na si zaidi. Mama alilia akisema, “Nilikuwa nimemshika!” Naam, alikuwa amemshika. Tatizo ni kwamba mikono ya binadamu haikuumbwa kwa kazi hiyo.

Hesabu yake si ngumu. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga na kusimama ghafula, aliyemo ndani bila mkanda hupigwa kwa kishindo sawa na cha mtu aliyeanguka kutoka urefu wa mita 10. Sisi watu wa Mafia hatuhitaji kufafanuliwa zaidi, kwa kuwa tunaijua minazi, na tunajua hali ya mkwezi aliyeanguka kutoka kileleni. Katika nukta ile, mtoto wa kilo 10 huvuta kwa nguvu inayozidi ya kilo 200. Ni mpagazi gani wa bandari awezaye kuzuia mzigo huo kwa mikono akiwa ameketi? Na mama akiuzungusha mkanda wake mmoja juu yake na mtoto pamoja, hatari huzidi, kwa maana mwili wa mama ndio utakaomgandamiza mtoto kwenye mkanda.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kiti maalumu cha mtoto katika gari huweza kupunguza vifo vya watoto wachanga kwa asilimia 71. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, ilipotungwa, haikukitaja kiti hicho, na watetezi wa usalama barabarani wameomba kwa miaka mingi kasoro hiyo irekebishwe. Tunaunga mkono ombi lao. Tunajua vilevile kwamba kiti hicho ni ghali kwa mkulima wa nazi na mvuvi wa Jibondo. Lakini umaskini usiwe kisingizio cha kuacha hata lile lisilogharimu kitu. Gari nyingi zilizotumika zinazotoka Japani zina mikanda ya nyuma, nasi tumeifukia chini ya vitambaa vya kupamba viti! Ifukuliwe. Mtoto aketi nyuma, katika nafasi yake mwenyewe, na mwenye uwezo wa kununua kiti cha mtoto akinunue kabla ya kununua redio kubwa ya gari.

Upande wa bahari nao unatudai. Taifa letu limezika watu wengi kwa sababu ya vyombo vya majini: MV Bukoba mwezi Mei 1996, MV Spice Islander mwezi Septemba 2011, MV Skagit mwezi Julai 2012, na MV Nyerere mwezi Septemba 2018. Kivuko hicho cha mwisho kilikuwa na uwezo wa abiria 101, lakini waliokufa peke yao walizidi 220. Palipo na orodha isiyo kamili, hata msiba wenyewe hukosa hesabu. Ndiyo maana tunasema kwamba mtoto aandikwe, hata kama halipi. Na jaketi okoa liwe la kimo chake, kwani la mtu mzima humvuka mtoto kichwani na kumwacha azame.

Yako pia mambo yaliyo mikononi mwa mzazi mwenyewe. Mtoto wa miaka miwili na kuendelea ndiye hasa anayesumbuliwa na kichefuchefu cha safari. Asishibishwe kupita kiasi kabla ya kuondoka, apewe chakula chepesi na maji kidogo kidogo, na atazame mbele mbali badala ya kuinamia simu. Anayenyonya anyonyeshwe mara kwa mara. Dereva asimame kila baada ya saa mbili, mtoto ashuke, anyooshe miguu, aende haja. Na kamwe mtoto asiachwe ndani ya gari lililofungwa, hata kwa muda wa kununua mkate pale Mkuranga, kwa sababu mwili wake hupata joto haraka mara kadhaa kuliko mwili wa mtu mzima.

Wapo watakaotujibu kwamba ajali ni kudra ya Mwenyezi Mungu. Sisi tuliosoma chuoni kabla ya kusoma shuleni tulifundishwa kisa cha yule bedui aliyetaka kumwacha ngamia wake bila kumfunga, kwa hoja kwamba anamtegemea Mungu. Mtume aliamuru kwanza afungwe, ndipo tegemeo lifuate. Ikiwa ngamia alistahili kamba, mtoto ambaye ni amana mikononi mwetu anastahili mkanda.

Kwa hiyo, tunatoa rai kwa wote wanaohusika. Wasimamizi wa vivuko na boti wahakikishe kila chombo kati ya Kilindoni na Nyamisati kina majaketi okoa ya watoto, na kwamba kila mtoto ameandikwa. Halmashauri za Mafia na Kibiti zitenge katika magati ya pande zote mbili mahali penye kivuli, maji safi na faragha ya kunyonyesha, maana kungoja maji yajae si jambo la dakika tano. Askari wa usalama barabarani wanapokagua leseni, watupe jicho pia mapajani mwa abiria wa mbele. Na wenye mabasi waweke utaratibu wa nauli ndogo itakayompa mtoto kiti chake, ili mzazi asilazimike kuchagua kati ya fedha na usalama.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, wakachimba vyoo na kufyeka mazalio ya mbu. Hawakungoja watajirike kwanza. Mabalozi wa mashina, walimu wa madrasa na walimu wa madarasa ya awali, kuanzia Bweni mpaka Jibondo, wanaweza kulipeleka somo hili nyumba kwa nyumba kabla ya likizo ijayo.

Waliotutangulia walisema, asiye na mwana aeleke jiwe. Sisi Mungu ametujalia wana, na tumezoea kuwaeleka. Basi katika gari na katika boti tujifunze pia kuwaketisha, kuwafunga mkanda, na kuwaandika majina yao kama abiria wengine.